Kipimo Ni Siku ya Kuyarudisha Maziwa

Chupa ya chai ya dada yangu, ile ya maua mekundu iliyobonyea kitakoni, ilikuwa haikai tupu. Alfajiri yajazwa, saa nne yaongezwa, alasiri yapikwa upya: chai ya maziwa, tangawizi, iliki, na sukari ya kukolea. Katika watu sita wa nyumba hiyo ya Mkomani, hapa Lamu, aliyekuwa akiinywa kuliko wote ni mdogo wa wote, mpwa wangu wa miaka minne. Mtoto huyu hakuwa akisema. Hutembea kwa ncha za vidole. Na alikuwa akikubali vyakula vitano tu vya duniani: chai ya maziwa, maziwa yenyewe, mkate mweupe, wali usio na mchuzi, na biskuti za aina moja, ambazo pakiti yake ikibadilishwa rangi hazili.

Siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu, katika kundi la kina mama. Mwanamke nisiyemjua, mwenye yakini ya kuogofya, alisema maziwa ya ng'ombe ni sumu kwa ubongo wa mtoto aliyechelewa. Yaondoe leo, baada ya mwezi atasema. Dada akayaondoa siku hiyo hiyo. Mama yetu akashika kichwa. "Mwana hanwi maziwa? Basi atakula nini, mchanga?"

Wiki ya kwanza mtoto alilia mpaka jirani wa ng'ambo ya kichochoro akaja kuuliza kulikoni. Wiki ya pili akalala usiku kucha, jambo tulilokuwa tumelisahau, na akaenda choo bila mayowe. Wiki ya tatu akaja jikoni, akashika kata ya mtungi, akasema, "Mai," yaani maji. Dada aliketi chini akalia. Nami nililia, wala sioni haya kusema.

Neno hilo silipingi. Ninachopinga ni hesabu iliyopigwa baada yake, kwani kufika magharibi mtaa mzima ulishajua kwamba maziwa ndiyo yaliyokuwa yamemfunga ulimi, na mama wawili wengine walishafuata nyayo.

Tuulize swali la kichuuzi: katika wiki hizo tatu, ni vitu vingapi vilivyobadilika? Mtoto aliyekuwa akijaza tumbo kwa chai na maziwa, vikombe sita au saba kwa siku, ghafla alishikwa na njaa ya kweli. Njaa ikamfikisha kwenye samaki. Kwanza alilamba mchuzi wa changu kidoleni mwa nyanya yake, kisha akameza kipande. Dada naye, kwa hofu kwamba mwana atakonda, alianza kuketi naye kila mlo, uso kwa uso, akimtajia kila kitu: wali, samaki, maji. Kabla ya hapo mtoto alikuwa akipewa kikombe na kuachwa nacho. Na mwezi huo huo alianza kupelekwa asubuhi kwa mwalimu mmoja wa chekechea mwenye subira. Hayo ni mambo manne, na maziwa ni moja tu kati yake. Ukivuta nyuzi nne kwa pamoja na pazia likaanguka, huwezi kusema ni uzi gani ulioliangusha.

Chai yenyewe ina kesi yake. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na kalsiamu yake huzuia mwili kunyakua chuma cha vyakula vingine. Majani ya chai nayo yana tanini, inayokishika chuma tumboni kikapita bure. Ndiyo maana madaktari wa watoto husema mtoto aliyeshaachishwa ziwa asizidishe maziwa zaidi ya nusu lita au juu kidogo kwa siku. Sisi twayachanganya hayo mawili katika kikombe kimoja, twatia sukari inayoua hamu ya kula, kisha twashangaa mtoto amepauka. Upungufu wa damu katika miaka ya mwanzo hugusa usikivu, usingizi na kujifunza. Wiki tatu ni chache kwa damu kujijenga upya, kwa hivyo sitasema hilo ndilo lililomfungua mpwa wangu. Lakini kama kuna kikombe cha kushitakiwa Lamu, ningeanza na hiki cha chai kabla ya bilauri ya maziwa.

Kisha tumbo. Mwaka 1998 madaktari wa Palermo, kule Italia, walichapisha utafiti wa watoto 65 waliokuwa wamefunga choo kwa muda mrefu na dawa haziwasaidii. Walipewa maziwa ya soya kwa kipindi, na ya ng'ombe kwa kipindi kingine. Watoto 44 walifunguka walipokuwa kwenye soya. Kwenye maziwa ya ng'ombe hakufunguka hata mmoja. Hao hawakuwa watoto waliochelewa makuzi, walikuwa wagonjwa wa tumbo tu. Sasa mchukue mtoto mwenye tumbo hilo, umnyime na maneno. Hawezi kusema "naumwa hapa." Atajipiga kichwa ukutani, atauma mkono wa nduguye, atakesha. Sisi tutaiita hiyo tabia, au tutasema ana jicho na kumtafutia kombe, maji ya aya za Qur'ani. Siku maumivu yakiondoka ataketi, atatazama, na mtu akimsemesha atasikiliza. Mwenye maumivu hafundishiki, mkubwa wala mdogo.

Kwa hivyo akina mama wanaosema "nimeondoa maziwa na mwanangu kabadilika" sio waongo. Nawaamini. Macho yao yaliona kweli. Nisichokubali ni kulihamisha jambo la tumboni likawa la ubongoni.

Wazo la ubongoni lina historia yake. Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp alipendekeza kwamba usonji (autism), hali ya ubongo inayogusa usemi na kuchangamana na watu, huenda unahusiana na kuzidi kwa vitu mfano wa afyuni mwilini. Wengine, akiwemo Kalle Reichelt wa Norwei, wakalifikisha kwenye chakula: protini ya maziwa iitwayo kaseini, na gluteni ya ngano, zisipomeng'enywa sawasawa huacha vipande vinavyofanana na afyuni, vikapenya utumbo na kulevya ubongo. Ni hadithi nzuri. Inaeleza kwa nini mtoto anayapenda maziwa kupita kiasi na kwa nini anaonekana yuko mbali. Tatizo ni pale watu walipokwenda kuvitafuta hivyo vipande. Mwaka 2008 watafiti wa London walipima mkojo wa wavulana 65 wenye usonji na kuulinganisha na wa watoto wengine. Hawakuvikuta.

Lishe yenyewe, isiyo na kaseini wala gluteni, nayo imejaribiwa. Norwei mwaka 2002, watoto 20, waliowekwa kwenye lishe walionekana kuendelea vizuri zaidi, ila wazazi walijua nani yuko wapi. Florida mwaka 2006, watoto 15, safari hii wazazi hawakuambiwa ni wiki zipi chakula kina vitu hivyo na zipi hakina. Vipimo havikuonyesha tofauti, na bado baadhi ya wazazi walisema wameona mabadiliko. Rochester, jimbo la New York, utafiti uliochapishwa 2016 uliwachukua watoto 14 wa miaka mitatu hadi mitano, wakawekwa kwenye lishe isiyo na kaseini wala gluteni, kisha wakapewa vitafunio vilivyofichwa maziwa, au ngano, au vyote, au visivyo na kitu. Hakuna aliyeweza kubaini kwa tabia, usingizi au choo mtoto kala kipi. Watoto 14 ni wachache, nakubali, na utafiti huo haukuchukua watoto wenye maradhi ya tumbo yanayojulikana. Lakini ndio uliofanywa kwa uangalifu zaidi, na mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2013 umesema wazi kwamba lishe hizi zisitumiwe kutibu dalili za msingi za usonji.

Halafu kuna milango midogo ambayo chakula kweli hugusa ubongo, na sitaki mtu aseme nimeifunga. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norwei, Borgny Egeland, mwenye watoto wawili waliokuwa wakirudi nyuma kiakili, hakuchoka kuuliza madaktari kwa nini mkojo wa wanawe unanuka vile. Alimfikia Asbjørn Følling, aliyeupima na kugundua ugonjwa tunaouita leo fenilketonuria, ambao mwili hushindwa kuvunja sehemu moja ya protini. Miaka ya mwanzo ya 1950, Birmingham, Uingereza, lishe maalumu ikaanza kuutibu. Mtoto akianzishwa akiwa mchanga, hukua kama wenzake. Kuna galaktosemia, mwili kushindwa kutumia sukari ya maziwa, ambayo mtoto mchanga hawezi hata maziwa ya mamake na huugua ndani ya siku chache. Aliyefika miaka minne akinywa maziwa kila siku si wa kundi hilo. Na kuna upungufu ubongoni wa foleti, vitamini ya kundi B, ambao Vincent Ramaekers na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba kuondoa maziwa hupunguza kingamwili zinazouziba mlango wa kuingizia foleti ubongoni, kwa kuwa maziwa yana kitu kinachofanana na mlango huo. Ni maradhi adimu. Lakini angalia mpangilio: mama aliona kitu, daktari akapima, ndipo lishe ikaja. Kwetu lishe inakuja kwanza, na kipimo hakiji kabisa.

Kwa nini hakiji? Nimeuliza sana, na jibu haliko kwenye ujinga wa mama yeyote. Dada yangu alimpeleka mwanawe kliniki akiwa na miaka miwili, akaambiwa wavulana huchelewa, atasema tu. Kijitabu chake cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za makuzi, na ukurasa huo ni mweupe kama ulivyotoka kiwandani. Daktari bingwa yuko Mombasa, yaani boti hadi Mokowe kule bara, basi siku nzima, na mahali pa kulala na mtoto anayepiga kelele mbele ya watu wasiomjua. Katika hali hiyo, kitu pekee kilichobaki mikononi mwa mama ni kikombe. Kukiondoa hakuna nauli wala foleni, na hakuna atakayemtazama kwa jicho la dharau. Mwenye kuwacheka akina mama hawa hajawahi kusubiri neno la mtoto kwa miaka minne.

Ila kikombe kikitoka, kuna deni linaloingia. Bilauri ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina miligramu karibu 300 za kalsiamu. Nimesikia mara nyingi, "Ah, tui lipo." Tui ni tamu, na bila tui hakuna Lamu, lakini si maziwa ila kwa rangi. Kalsiamu yake haifiki hata robo ya hiyo, na protini yake ni haba. Mtoto aliyehamishwa kutoka maziwa kwenda tui amehamishwa kutoka chakula kwenda kiungo. Maziwa ya mbuzi, kwa mwenye aleji ya ya ng'ombe, mara nyingi humdhuru vile vile, maana protini zao zafanana sana. Ya ngamia yako mbali kidogo na yanasifiwa siku hizi kama dawa ya usonji, lakini nayo yana kaseini. Kwa mantiki ya ujumbe ule ule, yangepaswa kuwa sumu. Hilo halielezwi na wayauzao.

Vilivyo karibu nasi ni dagaa wanaoliwa na miba yao, wakasagwa wakatiwa kwenye uji. Wimbi, wenye miligramu kama 340 za kalsiamu kwa gramu 100, ingawa mwili hauzichukui zote. Simsim ya Witu na Hindi, huko bara yetu, isiyotolewa ganda. Mtoto wa kawaida utamlisha hivyo bila taabu. Mtoto anayekubali vitu vitano, ukimtoa viwili umemtoa karibu nusu ya dunia, na hakuna ahadi kwamba atakubali cha sita. Mpwa wangu alikubali samaki. Wako wasiokubali, wakakonda. Na kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja habari ni nyingine kabisa: ziwa la mama halina mbadala wa jikoni, na Qur'ani yenyewe imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza.

Kuna mifupa pia. Utafiti wa Marekani wa 2008 uliwapima mifupa ya mikono wavulana 75 wenye usonji wa miaka minne hadi minane. Wote kwa jumla mifupa yao ilikuwa myembamba kuliko inavyotakiwa, na waliokuwa kwenye lishe isiyo na maziwa walipungukiwa karibu mara mbili ya wenzao. Kwetu hapa naongeza jambo ambalo watu hawapendi lisemwe. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na vichochoro vyetu havioni jua ila saa sita, na mtoto aliyechelewa mara nyingi ndiye asiyetolewa barazani. Anafichwa kwa huruma, au kwa haya. Hapati jua la kumpa vitamini D, na sasa hapati na kalsiamu. Tunamtibu ubongo huku tukimlainisha miguu.

Basi nisemeje, maziwa yasiguswe? La. Mtoto mwenye choo kigumu kisichoisha, ukurutu, kutapika, au tumbo linalojaa kila anywapo, ana sababu ya kujaribiwa. Neno langu ni kwamba kuondoa si kipimo. Kipimo ni kurudisha. Hivyo ndivyo madaktari wanavyoithibitisha aleji ya maziwa isiyo kali: wiki mbili hadi nne bila maziwa, kisha yarudishwe kidogo kidogo, na mtu aangalie. Dalili zikirejea, maziwa yana hatia. Zisiporejea, mwachieni mtoto kikombe chake, na yule mwalimu asifiwe kwa kazi yake. Wakati huo wa jaribio kisianzishwe kitu kingine kipya. Aliyebora kuhukumu ni asiyeambiwa. Mwalimu wa asubuhi, kwa mfano, aulizwe kila Ijumaa mtoto yukoje bila kujua wiki hiyo anywa nini. (Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya maziwa asirudishiwe nyumbani kabisa. Huyo ni wa hospitali.)

Dada alikataa kurudisha kwa mwezi mzima. "Wataka kuniharibia mwana?" aliniambia, na hakuwa akinitania. Hapo ndipo penye mwiba wa jambo lote. Mama aliyesikia neno la kwanza hataki kuligusa lililolileta, hata kama hajui ndilo. Sikumlaumu. Kilichomgeuza ni pakiti ya biskuti. Jioni moja nikisubiri adhana nilikuwa nikiisoma kwa kukosa la kufanya, na katika viambato, cha nne kilikuwa unga wa maziwa. Mtoto alikuwa akila biskuti tano au sita kila siku, kuanzia siku ya kwanza ya ile lishe. Sumu ya ubongo haikuwa imetoka nyumbani hata kwa saa moja. Alichopunguziwa ni wingi tu.

Dada alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza muda mrefu. Akachukua daftari la duka la mumewe, akalipiga mistari: choo, usingizi, maneno. Baada ya siku kumi za kuandika bila kubadili kitu, akarudisha maziwa, nusu kikombe, bila majani ya chai. Siku ya nne safu ya choo ikawa tupu. Siku ya sita mtoto alikesha. Lakini safu ya maneno haikupungua. "Mai" ilibaki pale pale, na siku ya nane ikaja "ndoo," yaani njoo, akimwita paka. Maziwa yakatolewa tena, na tumbo likafunguka tena. Tumbo lake, basi, haliyataki maziwa mengi, na hilo tumelijua kwa kuliona mara mbili. Ulimi wake hayauhusu. Sasa anakula uji wa wimbi wenye dagaa, akiwa na hamu nao siku tatu katika saba, na hutolewa barazani asubuhi, apende asipende nyanya yake.

Na katika miezi hiyo yote ya kubishana juu ya kikombe, hakuna aliyeuliza kuhusu masikio. Kenya ina vituo vya tathmini na nyenzo za elimu tangu 1984, ambavyo kazi yake mojawapo ni hiyo, na mtoto asiyesema hupimwa kusikia kabla ya lolote. Mama yetu hukasirika likitajwa. "Asikia! Ukiangusha sufuria hageuki?" Hugeuka, ni kweli. Lakini kusikia kishindo cha sufuria si kusikia tofauti ya "fua" na "sua", na sasa nikitazama nyuma, maneno yake mawili, mai na ndoo, hayana herufi hata moja ya mluzi, kama s.

Jumanne tunavuka Mokowe na boti ya alfajiri, kwenda kumpima. Dada ameshaosha ile chupa ya maua mekundu. Safari hii ni chai ya rangi, ya sisi wakubwa, na daftari liko ndani ya kikapu.